Kocha Hakuja Peke Yake

Msimu wa 2023 timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Indiana ilishinda mechi 3, ikapoteza 9, na kocha akaoneshwa mlango. Mwaka uliofuata, chini ya Curt Cignetti, ilishinda mechi 10 za mwanzo mfululizo na kumaliza na ushindi 11 na vipigo 2, rekodi ambayo chuo hicho hakikuwa kimewahi kuifikia tangu kianze mchezo huu katika karne ya 19. Wengi wameuita muujiza. Nalikataa neno hilo, kwa sababu linafuta kazi ya watu wengi na kumpa sifa yote mtu mmoja anayesimama pembeni mwa uwanja. Cignetti alihama na kijiji chake: wachezaji 13 walimfuata kutoka James Madison, chuo cha Virginia alikokuwa akifundisha, pamoja na Mike Shanahan, kocha wa mashambulizi, na Bryant Haines, kocha wa ulinzi. Aiden Fisher, mlinzi wa kati, alifika Bloomington, mji wa Chuo Kikuu cha Indiana, akiwa tayari ameucheza mfumo wa Haines. Kanuni za sasa zinamruhusu mchezaji ahame bila kukaa nje msimu mzima. Cignetti aliitumia ruhusa hiyo kuhamisha mazoea, si vipaji tu.

Wapo wanaosema ratiba ilikuwa nyepesi. Hilo lina ukweli: Ohio State iliwafunga 38-15, na kwenye mchujo wa ubingwa, Desemba 20, 2024, Notre Dame ikawatoa 27-17. Usiku ule Indiana ilikaribia kufunga mapema, mpira ukanaswa mlangoni, na mchezo uliofuata Jeremiyah Love wa Notre Dame akakimbia yadi 98 hadi mwisho wa uwanja. Ubora wa wapinzani ulionekana. Lakini Indiana ya zamani ilikuwa ikifungwa hata na timu za kawaida, na hii iliipiga Nebraska 56-7 na kuishinda Michigan, bingwa mtetezi, 20-15.

Hoja nzito zaidi ni kwamba siku hizi yeyote anaweza kukusanya wageni akafanikiwa. Tuitazame timu ya Chuo Kikuu cha Colorado ya 2023. Kocha wake, Deion Sanders, alijaza kikosi sura mpya, akashinda mechi 3 za kwanza, kisha msimu ukaishia ushindi 4 na vipigo 8. Naye alikuja na watu wake, akiwemo mwanawe Shedeur, mrushaji mpira, na mchezaji Travis Hunter, na timu ilipanda kutoka ushindi 1 wa mwaka uliotangulia. Ila ukuta wa kumlinda Shedeur ulivuja, akaangushwa na mpira mkononi zaidi ya mara 50. Ukuta ule ni watu watano wanaopaswa kusogea kama mwili mmoja, kila mmoja akijua jirani yake atakwenda wapi kabla hajaenda, na kujuana huko hakusajiliwi kwa karatasi.