HADISI ZETU ZIINGIE KATIKA MAANDIKO



Wako watu wanaosema kwamba hadisi ni mchezo wa watoto na wa wazee wasio na kazi. Tunawakatalia. Watu wasioandika hadisi zao wataandikiwa na wengine.

Tuchukue habari ya batumbula, ambayo wazee wa Kamalondo na Kenya wanaijua. Wakati wa Wabelgiji ilisemwa kwamba usiku wanatembea wakamataji waliotumwa na Wazungu, na kwamba mtu aliyekamatwa ataliwa. Mwenye masomo atacheka. Asicheke upesi. Hadisi hiyo ilikua katika mji ambao watu walitolewa vijijini kwa kazi ya mukuba, na wengine hawakurudi. Katika Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi hapa hapa mjini. Sisi makarani tunaandika tani za mukuba kila siku, lakini hofu ya watu wale haimo katika hesabu. Imo katika hadisi.

Wako waliofahamu jambo hili mbele yetu. Mwaka 1965 André Yav, pamoja na wenzake waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu, alitunga habari za mji huu, « Vocabulaire de ville de Elisabethville ». Jina ni la Kifaransa, lakini ndani mnasemwa Kiswahili chetu. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mwaka 1973 na 1974, alichora historia ya nchi katika picha karibu 100, akazieleza kwa maneno ya hapa.

Kazi hizo ziko wapi leo? Maandiko ya Yav yalichapwa kuwa kitabu huko Amsterdam mwaka 1990. Picha za Tshibumba zinatunzwa katika makumbusho ya mji ule ule. Tunamshukuru mwalimu Johannes Fabian aliyezihifadhi. Lakini je, ni haki mtoto wa Katuba kwenda Ulaya kutafuta maneno ya babu yake?

Wengine watajibu: « Kiswahili chetu si safi, tungojee kile cha Zanzibar. » Yav hakungojea. Wale maboi waliandika kama walivyosema, na kwa hiyo sauti yao inasikika mpaka leo. Na katiba ya 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Tunaogopa nini?

Basi tunaomba mambo mawili. Walimu wampe kila mwanafunzi kazi ya kuandika hadisi moja kutoka kinywani mwa mzee wa nyumbani, na shule iyatunze madaftari hayo. Wenye mashini za kuchapa watoe vitabu vidogo vya bei ndogo, ili vifike sokoni.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wanazikwa kila juma. Wandugu, tushike kalamu.