"Presha Yako Iko Sawa": Neno Dogo, Madhara Makubwa

Mhudumu wa afya nchini Tanzania husomea taaluma yake kwa Kiingereza, huandika faili la mgonjwa kwa Kiingereza, kisha humweleza mgonjwa huyo kwa Kiswahili. Katika kuvuka huko, kinachopotea kwa urahisi si majina marefu ya magonjwa, bali maneno mafupi ya kumiliki: "yangu" na "yako".

Kiswahili hakimiliki maradhi kama Kiingereza. Mwingereza husema kichwa chake kinauma. Mkulima wa Mikese husema "kichwa kinaniuma". Vilevile, mkulima huyo akisema "nina presha" au "nina sukari", hakusudii msukumo wa damu au sukari iliyomo mwilini mwa kila aliye hai. Anataja ugonjwa.

Hapo ndipo penye hatari. Chukua mfano wa bibi wa Mikese aliyeanzishiwa dawa baada ya vipimo vyake kuvuka 140 kwa 90 mara kadhaa. Miezi miwili baadaye anapimwa, na mashine inaonyesha 128 kwa 80. Mhudumu, akifasiri Kiingereza kilichomo kichwani mwake, anamwambia: "Bibi, presha yako iko sawa." Yeye amekusudia kipimo, bibi amesikia ugonjwa. Bibi anashukuru, anarejea nyumbani na kuacha dawa. Kwa kuwa shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili, huenda asipate onyo lolote hadi siku ya kiharusi.

Kumwita bibi huyo mkaidi ni kumwonea. Ameelewa Kiswahili sawasawa. Tafsiri ndiyo iliyokosea.

Dawa ya kosa hili ni nyepesi. Mhudumu na aseme: "Bibi, kipimo cha leo ni kizuri kwa sababu unameza dawa. Ugonjwa bado upo. Usiache dawa bila kuja kuniona." Maneno hayo hayamalizi hata nusu dakika, hata kama foleni ni ndefu.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: "Mwanangu, kipimo ndicho kilichoshuka, au ugonjwa umekwisha?" Swali hilo si utovu wa adabu. Kuuliza si ujinga, na mhudumu mwenye busara atalipokea kwa shukrani, kwa maana limemwonyesha mahali ambapo maneno yake hayakufika.