Masasi yenye mwanga: unaona moja, manne hauyaoni

Kila mutu aliyepitisha usiku wa mapigano hapa mashariki anayajua: masasi yenye kupita juu ya nyumba yakiwaka mekundu ao kijani, kama nyota zenye kukimbia. Watoto wanayahesabu. Kumbe kuna nchi ambako raia wanayapiga kwa kujifurahisha tu, wengine wanajaza kartushi zake wenyewe nyumbani.

Nchi hiyo ni Marekani. Kule sheria ya taifa inamruhusu raia kujijazia kartushi za matumizi yake. Anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayajaza upya, siku ya mapumziko anakwenda kulenga shabaha. Wengi wanafanya hivyo juu ya bei, ao juu wanatafuta sasi lenye kwenda sawasawa. Lakini lile la mwanga haliwasaidii kwa hilo. Nyuma lina dawa yenye kuungua (ndani muko magnezi, na strontiamu njo inaleta wekundu), na dawa ikiungua sasi linapungua uzito njiani, haliendi tena sawa na mengine. Anayelitaka, anataka kuona moto.

Na moto anaweza kuupata. Jimbo la California limeyakataza masasi hayo ya bunduki kwa raia. Huko Ufaransa, tarehe 22 Julai 2009, wanajeshi wa Légion étrangère waliyapiga mazoezini Carpiagne, karibu na Marseille, wakati wa joto, majani yamekauka. Zaidi ya hektari 1000 ziliungua, moto ukafika mpaka kwenye mitaa ya mji. Na hao ni watu wa kazi, si wenye kujaribu Jumapili.

Sisi hatuna klabu za shabaha. Tuna bashi, mbao na nyasi za kuezeka, na kambi ambazo vibanda vimebanana. Sihitaji kueleza zaidi.

Lakini kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwenye mikanda ya bunduki kubwa, mara nyingi wanapanga sasi moja la mwanga kwa manne ya kawaida, ili mpigaji aone anakopeleka. Mutoto akihesabu kumi, kumepita karibu hamsini. Tena ile dawa inaisha mbele sasi halijaanguka. Linaendelea gizani, bila mwanga. Kwa hiyo yule mwenye kusimama mlangoni akisema "yanapita kule" anaangalia sehemu ndogo tu.

Asubuhi, watoto wanaokota. Kartushi yenye rangi kwenye ncha, kijani ao chungwa, mara nyingi ni ya namna hiyo. Isipigwe jiwe, isifunguliwe, isitupwe motoni. Mutoto aiache pale pale, aite mkubwa.

Na usiku, nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na mbao haizuii sasi. Mulale chini kabisa, nyuma ya ukuta ao msingi wa mawe kama upo, mubaki hapo hata kama mwanga umeshapotea.