JICHO LIKO WAPI? TAA ZA NYUMA YA TV NA MANENO YA KARIAKOO

Bumu likiingia tu, huku kwenye mageto ya Sinza na Changanyikeni mafundi wanakuwa wengi. Huyu kanunua subwoofer, yule kabadili pazia, na siku hizi lazima awepo mmoja aliyebandika mkanda wa LED nyuma ya TV. Ukiingia kwake usiku unadhani umeingia kwenye basi la mkoani.

Sina ugomvi na urembo. Geto ni lako, kodi unalipa wewe, hata ukitaka kulipaka rangi ya zambarau hadi kwenye feni ruksa. Ugomvi wangu ni na sentensi moja. Ukipita Kariakoo kuanzia Msimbazi hadi Aggrey ukaulizia hizi taa, winga atakwambia: "Hii inafuata rangi za picha, bosi. Picha ikiwa nyekundu na ukuta unakuwa mwekundu." Na sisi wasomi tunarudi chuo tunaikariri sentensi hiyo hiyo kwa wenzetu. Mi nasema hivi: mikanda niliyooneshwa mimi kwa maneno hayo, karibu yote haifuati picha yoyote, tena haiwezi kufuata hata ikitaka. Na ile michache inayofuata kweli, siyo ambayo macho yako yanaihitaji. Anayebisha asome mpaka chini ndipo arushe mawe.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 2004 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa TV zenye taa nyuma, ikaziita Ambilight. Ndani ya TV kuna akili inayoangalia kingo za picha, inapiga wastani wa rangi za kila kipande, halafu taa iliyo nyuma ya kipande hicho inawaka rangi hiyo ukutani. Bahari ikiwa kushoto, ukuta wa kushoto unakuwa bluu. Moto ukiwaka kulia, ukuta wa kulia unakuwa wa chungwa, na yote hayo kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo maana ya kufuata picha. Hakuna uchawi. TV inajua inachokionesha, kwa hiyo inaziambia taa zake ziwake vipi.

Sasa chukua ule mkanda uliotolewa kwenye mfuko wa nailoni pale dukani. Una kichwa cha USB, una karimoti keupe kenye vitufe vya rangi kama pipi. Unauchomeka kwenye TV. Swali langu ni moja tu, na naomba mlishike kama namba ya usajili: JICHO LIKO WAPI? Huo mkanda unaionaje picha? Tundu la USB linaupa umeme tu, haliupi habari za picha. Kamera hauna. Waya wa HDMI hauingii popote. Ni kama kumfunga mtu kitambaa usoni halafu unamwambia akusimulie mpira.

Ushahidi mwingine ni waya zenyewe. Geuza mkanda uhesabu. Ukikuta njia nne, yaani moja ya umeme na tatu za nyekundu, kijani na bluu, basi balbu zote za mkanda huo zinakula sahani moja. Zote zitakuwa nyekundu au zote bluu. Kushoto bluu na kulia chungwa haiwezekani, hata aje fundi kutoka Uholanzi. Mkanda unaoweza kupokea rangi tofauti kwa kila balbu mara nyingi una njia tatu: umeme, taarifa, na kurudi. Kila balbu ina kichipu chake ndani, na maarufu kuliko zote ni ile ya WS2812B. Huo ndio unaoweza kufuata picha, ukipata wa kuuambia ufanye nini.

Halafu kuna ule wenye kipaza sauti kidogo kwenye kiboksi. Huu ndio unaodanganya vizuri, maana kweli unachezacheza. Mshikaji wangu mmoja aliuziwa huo na duka moja kule, akaambiwa unafuata TV. Tukakaa tukauangalia. Refa akipuliza filimbi, ukuta unaruka. Muuza ice cream akipita nje na kengele yake, ukuta unaruka. Jirani akafungulia singeli, basi ukuta ukapandwa na mashetani kabisa wakati kwenye TV mtu anasoma taarifa ya habari! Aliporudi dukani akaambiwa "mzigo ukishatoka haurudi". Hela ya wiki mbili za msosi hiyo, wadau. Kwa mwenye mshahara ni utani. Kwa mtu anayehesabu bumu mpaka lifike UE, huo siyo utani.

Najua kuna watakaosema, "Ah, Kariakoo ndivyo ilivyo, nenda na akili zako." Hapo ndipo napopandwa na hasira hasa. Kariakoo ni mahali wanapochuma mzigo watu wa Lubumbashi, Lusaka, Blantyre na Moroni. Mtu anatoka Comoro anakuja kununua hapo kwa sababu anaamini. Mawinga wengi ni vijana wenzetu, wanajituma juani kutwa, na wengi hawajadanganya kwa kukusudia, wameambiwa na aliyewaletea mzigo nao wanaambiza. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi katika biashara, na haikuweka kifungu cha kusema "isipokuwa mitaa ya Kariakoo". Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkanda wa urembo ni kitu kizuri tu ukiuzwa kwa jina lake la mkanda wa urembo. Kwa nini uvalishwe jina la mwingine?

Kwa hiyo ukienda kununua fanya hivi. Kwenye simu yako weka picha ambayo nusu ya kushoto ni nyekundu na nusu ya kulia ni bluu. Mwambie muuzaji airushe kwenye TV ya pale dukani na mkanda ukiwa umefungwa. Ukuta ukigawanyika nyekundu huku na bluu kule, lipa hela yako. Ukuta wote ukiwa rangi moja, mwambie asante baba, Mungu akubariki, ondoka. Jaribio hili ni la dakika mbili na halina matusi.

Tuwe wakweli, zipo zinazofanya kazi. Aina ya kwanza ina kakamera kanakokaa juu au chini ya TV kanaangalia kioo. Ina jicho, nakubali, ila ni jicho la nje. Mwanga wa dirishani ukibadilika na rangi zinayumba, na kamera inakutolea macho sebuleni kama mjumbe wa nyumba kumi. Aina ya pili ni kisanduku cha HDMI: king'amuzi kinaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinaingia kwenye TV, na njiani kinachungulia picha. Kinaona vizuri sana. Ila ukifungua YouTube iliyomo ndani ya TV yenyewe, picha hiyo haikupita kwenye kisanduku, basi kisanduku ni kipofu tena. Hili hawalisemi. Na aina ya tatu ni TV yenye mfumo huo kiwandani, ambayo tuiache maana bumu halifiki huko.

Sasa tuseme umepata ile ya kweli kabisa. Umebandika, umewasha, na Jumamosi ni dabi ya Kariakoo. Ngoja nikwambie utakachokiona: KIJANI. Uwanja ni majani. Kushoto majani, kulia majani, chini majani. Taa inafuata picha kwa uaminifu mkubwa, kwa hiyo ukuta wako utakuwa kijani dakika 90 na za nyongeza. Wewe ni Simba wa kuzaliwa, una jezi nyekundu, umekaa na wana Msimbazi wenzio, na sebule nzima inameremeta kwa rangi ya Jangwani! Simba wafunge, kijani. Yanga wafunge, kijani. Ha ha ha, jamani, hela umetoa mwenyewe.

Utani kando, kuna jambo la kitaalamu hapa. Macho hayapimi rangi kama mashine, yanalinganisha na kilicho pembeni. Ukizungusha kijani kuizunguka picha, vitu vya kijivu na vyeupe ndani ya picha vinaanza kuvuta upande wa wekundu. Ndiyo maana wanaosahihisha rangi za filamu wanakaa kwenye vyumba vyenye kuta za kijivu zisizo na upande wowote. Na hapo hatujagusa kuta zetu wenyewe. Taa ya bluu ikipigwa kwenye ukuta uliopakwa krimu au pinki, inayorudi siyo bluu ile. Na TV za nyumba zetu nyingi zimekaa kwenye kona juu ya kabati, nyuma kuna pazia na kalenda ya benki. Rangi gani itafuatwa hapo?

Watakuja wengine na hoja ya mwisho: "Lakini inalinda macho!" Hapa wanachanganya mambo mawili. Ni kweli kabisa kwamba kuangalia kioo kinachong'aa ndani ya chumba cha giza kunachosha, na mwanga kidogo nyuma ya TV unapumzisha. Wamarekani wa kampuni ya Sylvania waliweka duara la mwanga kuzunguka kioo cha TV tangu miaka ya 1950, wakaliita HaloLight. Lakini lilikuwa jeupe! Kinachosaidia macho ni mwanga mweupe, uliotulia, hafifu. Wataalamu wa picha wanataja weupe wa 6500K, na ukali wa kama asilimia 10 ya weupe wa kioo chenyewe. Mwanga unaorukaruka nyekundu, kijani, bluu kila sekunde unapumzisha macho ya nani?

Na habari njema ni kwamba 6500K ipo hadi dukani kwa Mangi. Balbu nyingi za LED zinazouzwa mtaani kama "daylight" zimeandikwa namba hiyo kwenye boksi. Chukua ya wati ndogo kabisa, iweke kwenye holda nyuma ya TV ielekee ukutani isikuchome machoni. Ikiwa kali, isogeze au iteremshe chini. Kipimo changu ni hiki: ukikaa ukawa unautazama ukuta badala ya TV, mwanga umezidi. Ukitaka mkanda, nunua mweupe mtupu, usio na rimoti wala karaha.

Umeme nao tuuseme kwa haki. Hoja ya kwamba inakula LUKU siiungi mkono. Hata ikila wati 20 kwa saa tano kila siku, ni uniti tatu kwa mwezi. Tatizo ni pale inapochomekwa. TV ya inchi 43 ina mzunguko wa karibu mita tatu. Mkanda wa balbu 60 kwa mita unakupa balbu 180, na kila WS2812B ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inavuta hadi miliampia 60. Piga hesabu: ampia 10.8 kwa volti 5, wati 54. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa nusu ampia! Mkanda wa aina hiyo unahitaji adapta yake, nzima, siyo ile ya kuokota inayochemka kama pasi juu ya extension yenye vichwa sita. TV ikianza kuzima na kuwaka yenyewe, msimlaumu TANESCO.

Sasa nimalizie na ninyi, vijana wa CoET, wa CoICT pale Kijitonyama, na wa DIT, ambao mkitoka getini kwenu mnafika Kariakoo kwa miguu. Mnaipenda rangi? Sawa, hamkatazwi, hasa kwa magemu na katuni ambako kwa kweli inapendeza. Lakini jengeni. Programu ya Hyperion ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unahitaji Raspberry Pi, kifaa cha kunasa picha ya HDMI, mkanda wa njia tatu na adapta inayotosha. Ukimaliza utakuwa umejifunza umeme, taarifa na rangi kwa mpigo. Aliyejenga mkanda mmoja wa kweli hadanganyiki tena na mikanda kumi ya uongo, na anaweza kusimama Aggrey akamfundisha winga, naye winga akamfundisha mteja. Hiyo ndiyo digrii ninayoitaka mimi, siyo ya kukariri maneno ya kwenye boksi.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri TV yenyewe hadi 1994. Labda ndiyo maana tukiipata rangi tunataka kuimwaga mpaka ukutani. Sawa, imwageni. Ila anayewauzia mumuulize kwanza jicho liko wapi.

Naomba kutoa hoja. Wenye mikanda yenu mnaoiamini, leteni geto kwangu tuijaribu kwa ile picha ya nyekundu na bluu. Chai ipo, vitafunwa kila mtu na vyake.