Kabla ya kuchukua mkopo wa gari la porini

Kila kundi la marafiki hapa Nairobi lina yule mmoja. Mkianza kupanga safari ya Turkana, lazima awaambie magari ya siku hizi ni vipodozi tu, ati 4x4 za ukweli ziliacha kutengenezwa kitambo, na kwamba yeye anaweka akiba anunue Land Cruiser au Defender iliyomzidi umri. Pengine huyo mmoja ni wewe. Basi keti tuongee.

Maneno yake yana ukweli. Chukua ile Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Haina kompyuta ya kuamua dizeli inyunyizwe lini. Pampu inajifanyia kazi hiyo. Fundi wa Marsabit mwenye spana na masikio mazuri ataisikiliza tu na kujua inaumwa wapi. Ukiuziwa dizeli chafu ya jerikeni, mara nyingi unabadilisha filta na kusonga.

Gari jipya halina uvumilivu huo. Mwaka jana tulikaa saa sita kwenye barabara ya mawe kati ya Laisamis na Loiyangalani kwa sababu gari la rafiki yangu, bado linanukia upya, lilikataa kuvuta. Taa moja ya manjano kwenye dashibodi, nguvu zikaisha. Injini ilikuwa sawa kabisa, sensa ndiyo ilikuwa inadanganya. Fundi alikuja na pikipiki, akafungua boneti, akatazama, akafunga. "Hii ni ya watu wa kompyuta, bosi," akasema.

Lakini hebu tazama ramani ya safari hiyohiyo. Nairobi hadi Laisamis ni zaidi ya kilomita 400, na zote ni lami. Karibu thuluthi mbili ya safari yako ya "porini" unaikimbia barabara kuu, na malori mbele na nyuma. Defender ya zamani, iliyoacha kutengenezwa Januari 2016, haikuwekewa mifuko ya hewa inayofutuka gari linapogonga. Land Cruiser nyingi za kazi za miaka ya 1990 hazina breki za ABS. Lori likisimama ghafla mbele yako, ule ugumu wa chuma unaousifu hauwezi kukukinga na usukani. Hatuongei juu ya hili kwa sababu picha za Instagram tunapigia matopeni.

Na hata huko matopeni, sifa za zamani zimetiwa chumvi. Defender mpya ilipozinduliwa 2019, mashabiki walilia kwamba imetolewa chesisi. Sawa, lakini mpya inaweza kuvuka maji ya kina cha sentimita 90, ile ya zamani 50. Gurudumu likizunguka bure, kompyuta inalishika kwa breki ili nguvu iende kwa lenye kukanyaga. Dereva mgeni, na wengi wetu ni wageni, anabebwa. Kwa gari la zamani lisilo na difu loki, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia tu, umeanza kutafuta watu wa kusukuma.

Shida ni kwamba Defender mpya si ya mfuko wako wala wangu. Na hizo za zamani si rahisi unavyodhani. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe, kwa hivyo zilizoko ni zilezile, zinapita mkono hadi mkono, na wauzaji wanajua vizuri mnavyozipenda.

Kwa maoni yetu, kama unaishi mjini, gari hilohilo ndilo la kazi, na porini unaenda mara tatu au nne kwa mwaka, tafuta Jimny ya 2018 kuja mbele. Ina chesisi, ina ekseli nzima mbele na nyuma, ina gia ya chini ya kupanda mawe, na bado ina mifuko ya hewa. Ni nyepesi, kwa hivyo ikikwama watu watatu mnaweza kuitoa. Ndiyo, ni ndogo. Watu wanne na mahema hamtoshei, na mbio usiitarajie.

Ila kama riziki yako iko kaskazini, mahali gari likizima unalala hapo, nunua la zamani bila aibu. Weka kando pesa za breki na mikanda ya usalama kabla ya kufikiria taa za juu ya paa.

Siku ya kuliangalia usiende jioni. Lala chini na tochi, gonga chesisi usikie kama kutu imekula ndani. Weka gia ya chini uliendeshe mita chache, maana kuna magari hapa Nairobi ambayo lever hiyo haijaguswa miaka kumi. Na matairi yatazame kwa karibu. Wengine huyapaka rangi nyeusi.