Leseni ya redio si risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu kuhusu redio za magendo, yaani zinazotangaza bila kibali, na jinsi zinavyogeuka kuwa vyombo halali vya biashara.

Kuzifunga tu hakutoshi. Mwaka 1964 Radio Caroline ilianza kutangaza kutoka melini, nje ya pwani ya Uingereza. Mwaka 1967 serikali ya huko ilizipiga marufuku redio za aina hiyo, lakini mwaka huo huo BBC ilianzisha Radio 1 na kuwaajiri baadhi ya watangazaji wale wale. Mwaka 1973 redio za biashara zenye leseni zikaanza kutangaza nchi kavu.

Hapa kwetu sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango, na mwaka 1994 Radio One na Radio Tumaini zikasikika Dar es Salaam. Hata hivyo mlango ukiwa mwembamba, watu hupita dirishani. Kanuni za mwaka 2018 zilimtaka anayetoa maudhui mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni. Kijana wa Mbagala au Tandale mwenye kompyuta moja angezipata wapi? Kanuni hizo zimerekebishwa tangu hapo, nami naunga mkono ada ipimwe kwa ukubwa wa chombo.

Lakini, Ndugu Mhariri, kulipa ada si mwisho wa wajibu. Masafa ni mali ya wananchi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa na Redio Tanzania, watu zaidi ya milioni mbili walikaa vikundi wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Leo wanafunzi wangu wanayajua kwa ghibu matangazo ya michezo ya kubahatisha kuliko jedwali la kuzidisha, na matangazo hayo wanayasikia katika redio zenye leseni.

Kwa hiyo naomba wahusika wafanye mambo mawili. Kwanza, wawaite vijana wa mitaani wanaotangaza bila kibali, wawafundishe sheria na kuwapa leseni wanayoweza kuimudu. Pili, kila mwenye leseni, mkubwa kwa mdogo, atenge saa ya elimu mchana watoto wakiwa macho, siyo usiku wa manane.

Asiyetimiza hilo, hata akiwa na leseni ukutani, tofauti yake na yule wa magendo ni risiti tu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkuranga, Pwani.