Hili gitaa ni mabati mangapi?

Wadau, leo siasa zipumzike kidogo, niongelee gitaa. Si la umeme. Nasema gitaa kavu, tena lile lenye mwili mkubwa ambalo wenyewe wanaliita dreadnought. Jina limetoka kwenye manowari ya Waingereza ya mwaka 1906, na kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kutengeneza magitaa ya umbo hilo mwaka 1916. Ukubwa ule si wa mapambo. Unatoa sauti nzito inayojaza ukumbi bila spika.

Sasa linalotuhusu mimi na wewe ni hili. Baadhi ya yale ya bei mbaya, dola 5,000 na kwenda juu, mgongo na mbavu zake ni mpingo. Ndiyo, mti huu huu unaokatwa Kilwa na Lindi. Klarineti inataka kipande chembamba tu, lakini mgongo wa gitaa kubwa una upana wa sentimeta 40 hivi. Na mpingo ulivyo mwembamba, umepindapinda, na unachukua miaka 70 hadi 100 kukomaa! Sisi wengi wetu tunaujua kwa vinyago vya Mwenge, basi.

Mshikaji wangu mmoja, baharia, alinunua la aina hiyo akaja nalo likizo kwao Hedaru. Mzee mmoja akaligonga mgongoni kwa kidole, akauliza: "Mwanangu, hili ni mabati mangapi?" Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka sana, maana hesabu ya mzee ni ya kweli. Milioni 12 na ushee za Kibongo zinaezeka nyumba, na ada ya mdogo wako inapatikana humo humo. Lakini mbona hatuulizi mabati tukichangia harusi inayoisha usiku mmoja? Gari la mkopo je? Gitaa zuri likitunzwa linaishi kuliko mwenyewe.

Likitunzwa, nasema. Mbao zake zinapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar inazidisha, Hedaru ndiyo balaa kabisa: milima ya Upare inakinga mvua za upande wa bahari, huku chini barabarani ni ukame na vumbi. Mbao zikikauka zinapasuka. Jamaa anaweka ndani ya kasha kisanduku cha sabuni alichokitoboa matundu, chenye sponji yenye unyevunyevu. Dawa ya mia mbili kwa mgonjwa wa mamilioni...

Msimamo wangu ni huu: kama unalinunua likaning'inie ukutani Sinza, wageni waliulizie bei, heri mabati. Huyu alilipeleka kwenye mazoezi ya kwaya, umeme umekatika, akawaachia vijana wapokezane. Kuna dogo aliyejifunzia gitaa lililobakiwa na nyuzi nne. Alizipapasa mara moja, akanyamaza, akaomba arudie. Hapo mnisamehe, anasa siioni.

Mzee naye alikuja, akakaa mpaka mwisho. Mabati bado anayadai.